Daktari wa familia na dawa zinazodhibitiwa: lini aandike, kiasi gani, na lini akatae

DaktariMilimani, Kisumu

Wadau, hamjambo. Kuanzia Kondele hadi Kakamega swali ni lile lile: daktari wa familia ana ruhusa ya kuandika diazepamu (ya kutuliza na kulaza), fenobabitoni (ya kifafa) au mofini (ya maumivu makali), ama ni lazima mgonjwa atumwe kwa daktari wa akili au hospitali kubwa?

Ruhusa anayo. Sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya 1994, kifungu cha 3, haimhesabii kosa mtu aliye na dawa hizo kwa matibabu, mradi amezipata kwa cheti cha daktari, daktari wa meno au daktari wa mifugo. Haitaji bingwa. Aliyesajiliwa na KMPDC (baraza la madaktari na madaktari wa meno la Kenya) na mwenye leseni hai ya mwaka huu anaweza kuandika, awe hospitali ya rufaa ya Jaramogi au kliniki ya chumba kimoja kule Ahero.

Orodha zenyewe zinafuata mikataba miwili ya Umoja wa Mataifa. Ule wa 1961 unashika mofini, pethidini, fentanili na kodeini. Ule wa 1971 unashika diazepamu na jamaa zake (lorazepamu, klonazepamu, alprazolamu, midazolamu) pamoja na fenobabitoni. Amitriptilini, prometazini na klopromazini zinamlaza mtu vizuri tu lakini hazimo kwenye mikataba hiyo. Bado ni dawa za kuandikiwa, ila hazihitaji kabati la kufuli mbili.

Sasa lililo muhimu kuliko ruhusa. Kabla kalamu haijagusa karatasi, faili iwe imejibu mambo matatu: ugonjwa ni upi, dawa itakwisha tarehe gani, na nani atamwona mgonjwa kabla ya tarehe hiyo. Kama huwezi kuandika tarehe ya kumaliza, usianze. Isipokuwa kifafa na maumivu ya saratani, ambako tarehe ya kumaliza haipo lakini tarehe ya kumwona tena lazima iwepo.

Ninapoona diazepamu inafaa: degedege, mtu anayetetemeka kwa kuacha pombe, misuli iliyokaza kwa pepopunda, na wasiwasi mkali uliomlemaza mtu kabisa, kwa wiki 2 hadi 4 ikiwemo muda wa kupunguza. Ninapoona haifai: kukosa usingizi kwa miezi bila kuulizwa kuhusu huzuni, pombe, miraa, kukoroma na zamu za usiku. Haifai pia kwa mjane aliyeletwa na jamaa siku ya matanga "apewe kitu alale". Huyo, kama ni lazima kabisa, ni usiku mmoja au miwili, na atazamwe tena baada ya mazishi. Kilio cha msiba si ugonjwa wa kutibiwa kwa tembe za mwezi mzima.

Mfamasia_Section58, Nakuru

Asante daktari. Mimi naongezea upande wa kaunta, kwa sababu vyeti vingi vinakwama kwetu na mgonjwa anadhani tunamnyima.

Cheti kinachopita bila maswali kinasomeka hivi:

"Tarehe. Jina kamili la mgonjwa, umri, mtaa anakoishi. Diazepamu tembe 5 mg. Tembe moja usiku kabla ya kulala, kwa siku 7. Jumla tembe 7 (saba). Usirudie. Jina la daktari, namba ya usajili, anwani ya kliniki, sahihi, muhuri."

Idadi iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Saba ya tarakimu pekee inageuka 17 au 70 kwa kalamu ya mtu yeyote aliyekaa kwenye benchi la nje. "Usirudie" nayo iwepo, la sivyo cheti kile kile kitazunguka kutoka Section 58 hadi Free Area, na kila kemisti itaamini ni mara ya kwanza. Ukishauza, piga muhuri juu ya cheti, andika tarehe, na ubaki nacho.

Vinavyokwama: "Valium kama kawaida" (Valium ni jina la biashara la diazepamu), "1x3" bila miligramu wala siku, sahihi isiyo na jina, na picha ya WhatsApp. Picha si cheti. Inaweza kutumwa kwa maduka kumi ndani ya dakika moja na hakuna duka litakalojua. Mgonjwa akiwa mbali, daktari anipigie, tukubaliane, halafu karatasi yenyewe iletwe ndipo dawa itoke.

Na tafadhali, daktari ukipigiwa na mfamasia kuuliza dozi, usikasirike. Tunapopiga simu ni kwa sababu kuna kitu hakijakaa sawa: mzee wa miaka 78 ameandikiwa 10 mg mara tatu kwa siku, au mtu mmoja ana diazepamu kutoka kwako na tramadoli, dawa ya maumivu ya jamii ya mofini, kutoka kwa mwingine. Marekani waliweka onyo la juu kabisa kuhusu mchanganyiko huo mwaka 2016, kwa sababu dawa hizo mbili zikikutana pumzi inapungua usingizini na mtu haamki. Pombe ikiwa ya tatu, hatari ni kubwa zaidi.

Afisa_wa_Kliniki_Mumias

Swali kwa wote wawili. Sisi maafisa wa kliniki ndio tunaowaona wagonjwa wengi zahanatini. Mtoto analetwa anatetemeka degedege saa tano usiku, daktari hayupo. Hapo sheria inasemaje?

DaktariMilimani, Kisumu

Kaka, tutenganishe kuandika cheti na kutibu dharura. Kifungu nilichotaja kinamtaja daktari. Nyinyi mna sheria yenu ya 2017 na mipaka ya kazi inayotoka kwa baraza lenu, na kituo kinapaswa kuwa na maagizo yaliyoandikwa na kutiwa sahihi: nani anaweza kufungua kabati, kwa hali gani, dozi gani. Kama maagizo hayo hayapo ukutani kwenu, yadai kesho asubuhi. Degedege haingojei mtu aamshwe kutoka nyumbani.

Dozi yenyewe ni hii. Mtoto wa kilo 12. Ampuli ya diazepamu ina 10 mg katika ml 2, yaani 5 mg kwa kila mililita.

Kwa njia ya haja kubwa ni 0.5 mg kwa kilo: 12 × 0.5 = 6 mg, ambayo ni ml 1.2. Vuta kwa bomba dogo, toa sindano, ingiza ncha ya bomba sentimita 4 hadi 5, sukuma, kisha banana makalio dakika chache dawa isirudi nje. Kwa mshipa ni 0.3 mg kwa kilo: 3.6 mg, karibu ml 0.7, polepole kwa dakika nzima. Usiichanganye na maji ya dripu kwenye bomba. Inageuka maziwa na inaganda. Usiichome msuli pia, inafyonzwa vibaya na unapoteza dakika. Dawa ya kuchoma msuli ni midazolamu.

Wakati mmoja anavuta dawa, mwingine apime sukari na malaria. Kwetu kando ya ziwa, degedege na malaria kali hutembea pamoja, na sukari iliyoshuka haisikii diazepamu hata kidogo. Mfuko wa kupumulisha wenye barakoa ya mtoto uwe mezani kabla ya dawa kuingia, kwa kuwa kinachoua baada ya dozi ya pili ni pumzi kusimama. Dozi mbili zikishindwa, usitoe ya tatu. Hapo ni fenobabitoni ya mshipa na gari la rufaa.

SistaWaZamu, Kakamega

Na zile ml 0.8 zilizobaki kwenye ampuli? Hapo ndipo daftari linapoharibika.

Ampuli imetoka nzima, mtoto amepewa 6 mg, 4 mg zinamwagwa mbele ya shahidi. Mstari wa daftari la DDA (la dawa zinazodhibitiwa) uonyeshe vyote: tarehe na saa, jina la mgonjwa na namba yake, kiasi kilichotolewa kabatini (ampuli 1), alichopewa (6 mg), kilichomwagwa (4 mg), salio la ampuli, aliyetoa, aliyeshuhudia. Sahihi mbili. Hesabu inafanywa kila zamu inapobadilishana, wanaotoka na wanaoingia wakiwa wamesimama pamoja mbele ya kabati, si kusomeana kutoka kwenye meza ya chai.

Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa lisomeke bado, andika lililo sahihi chini yake, tia saini na tarehe. Rangi nyeupe ya kufutia na kurasa zilizochanwa ndizo mkaguzi wa Bodi ya Famasia na Sumu anazitafuta kabla hajaangalia kitu kingine.

Funguo zinakaa na muuguzi msimamizi wa zamu, mwilini mwake. Hazikai kwenye droo ambayo kila mtu anajua ni ya funguo.

Afisa_wa_Kliniki_Mumias

Nimeelewa, sista. Na fenobabitoni za kifafa je? Wagonjwa wangu wengi wanaishi kwa hiyo. Tukiifungia kama mofini watakosa.

DaktariMilimani, Kisumu

Hapo umegusa jambo linaloniuma. Fenobabitoni ni ya bei ndogo na inadhibiti mishtuko kwa watu wengi vijijini, lakini kwa kuwa iko kwenye mkataba wa 1971 kuna vituo vinaiogopa, vinaagiza kidogo, inakwisha katikati ya mwezi. Mtu aliyeizoea akiikosa ghafla anaweza kuingia kwenye mshtuko usiokatika. Udhibiti unahusu kuhesabu, si kumnyima mgonjwa.

Hesabu ni rahisi. Mtu mzima anayetumia 90 mg usiku anakula tembe 3 za 30 mg: tembe 90 kwa siku 30. Ukiwa na wagonjwa 20 wa namna hiyo unahitaji tembe 1,800 kwa mwezi, na agizo litoke ukiwa bado na akiba ya mwezi mmoja. Wape siku 30, pamoja na tembe za siku chache za ziada kwa anayetoka mbali, na uandike hizo za ziada ni za nini.

Mambo mawili yanayosahaulika kuhusu fenobabitoni. Kwanza, inaharakisha ini kusaga dawa nyingine. Mwanamke mwenye kipandikizi cha mkononi au anayemeza tembe za uzazi anaweza kupata mimba ilhali anadhani amejikinga. Sindano ya miezi mitatu au koili inafaa zaidi. Pili, inashusha DTG (dolutegravir, dawa ya HIV) mwilini. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, mgonjwa wa kifafa kuwa pia kwenye dawa za HIV ni jambo la kila kliniki. Usiandike fenobabitoni bila kuuliza, na ukikuta yuko kwenye DTG zungumza na kliniki yake kabla ya kuanza. Mara nyingi ni bora kubadilisha dawa ya kifafa.

HospisiBondeLaUfa, Nakuru

Mmezungumza diazepamu, sasa mofini, maana huku ndiko woga ulikojaa. Daktari wa familia anaweza kuandika mofini ya kunywa, na ndiye anayefaa zaidi kwa sababu anajua nyumba ya mgonjwa. Saratani ya koo la chakula katika ukanda wetu si ngeni, na wagonjwa wake wengi hufika wakiwa wamechelewa.

Anza 5 mg kila saa nne mchana, na usiku mara mbili yake ili mtu alale: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni 5 mg kila mara, kisha saa 4 usiku 10 mg. Jumla 30 mg kwa siku. Kwa mzee dhaifu anza na 2.5 mg. Kwa figo mbovu punguza na urefushe muda kati ya dozi, maana mabaki ya mofini hutoka kwa figo.

Maji ya mofini yenye 1 mg kwa mililita: 30 ml kwa siku, 420 ml kwa siku 14. Andika chupa ya 500 ml. Zile 80 ml za juu ni dozi 16 za ziada za 5 ml kwa maumivu yanayopasuka katikati. Mgonjwa au jamaa aandike kila dozi ya ziada. Akitumia zaidi ya mbili au tatu kila siku, dozi ya kawaida ni ndogo, ipandishwe.

Kuna pia maji yenye 10 mg kwa mililita. Hapo ndipo watu hufa. Ukiandika "ml 5 kila saa nne" bila kutaja nguvu, na famasia ikatoa ile kali, mgonjwa amekunywa 50 mg badala ya 5. Andika zote mbili kila wakati: "5 mg, yaani ml 5 ya 1 mg/ml". Mpe jamaa bomba lenye alama, chora mstari wa kalamu pale dozi inapofika, amvutie maji mbele yako kabla hajatoka. Kijiko cha nyumbani hakina kipimo.

Na siku ile ile ya mofini, andika dawa ya kulainisha choo, kwa mfano bisakodili 5 hadi 10 mg usiku. Si baada ya wiki, siku ile ile. Kichefuchefu huisha baada ya siku chache, kufunga choo hakuishi. Wagonjwa wengi wanaoacha mofini wanaacha kwa sababu ya choo, kisha familia inasema "dawa ilimkataa".

Mfamasia_Section58, Nakuru

Sista wa hospisi, hapo kwa nguvu mbili ongeza hili: kwenye rafu, chupa hizo zisisimame jirani. Na lebo isomwe na watu wawili.

TibaYaPombe_Eldoret

Naingia kwa upande wa chang'aa. Mtu ameacha ghafla, siku ya pili anatetemeka, jasho, moyo unakimbia. Daktari wa familia anaweza kumtibu nyumbani ikiwa hajawahi kupata degedege wala kuchanganyikiwa akiacha pombe, hana ugonjwa mwingine mzito, na kuna mtu mzima asiyekunywa atakayekaa naye na kushika dawa. Likikosekana mojawapo, alazwe.

Mfano wa ratiba kwa hali ya wastani: siku ya kwanza diazepamu 10 mg mara nne, ya pili mara tatu, ya tatu mara mbili, ya nne mara moja, ya tano 5 mg usiku, basi. Ni tembe 21 za 5 mg. Usizitoe zote 21 kwa mkupuo. Siku mbili za kwanza tembe 14, aje aonekane, anusiwe pombe, ndipo apewe 7 zilizobaki. Akija amelewa, dozi haitoki. Thiamini (vitamini B1) ianze siku ya kwanza, na kama anahitaji glukosi ya mshipa, thiamini itangulie. Ini likiwa limechoka, lorazepamu ni salama zaidi kwa kuwa haikai mwilini muda mrefu.

Nimeona ratiba hii ikigeuzwa kuwa miezi sita ya diazepamu. Hapo umembadilishia mtu uraibu mmoja kwa mwingine.

DaktariMilimani, Kisumu

Tufike basi kwa wale walio tayari miaka miwili kwenye diazepamu 10 mg kila usiku. Wanakuja kwako kwa sababu daktari wa zamani amehama. Kosa kubwa ni kuwaambia "mimi siandiki hizi" na kufunga faili. Kuikata ghafla kunaweza kuleta kutetemeka, kutolala kabisa, na hata degedege kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Ukimpokea, umepokea na jukumu la kumshusha.

Tembe zetu nyingi ni za 5 mg na zinagawanyika katikati, kwa hiyo hatua ndogo unayoweza kushika ni 2.5 mg. Kutoka 10 hadi 7.5 ni robo nzima, ni kubwa kwa wengi. Tumia urefu wa dawa yenyewe: diazepamu na mabaki yake hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo unaweza kupokezana, leo 10, kesho 7.5, kwa wiki mbili hadi nne. Wastani ni 8.75. Kisha 7.5 kila usiku. Kisha 7.5 na 5 kwa kupokezana. Endelea hivyo. Miezi minne hadi minane si mirefu kwa mtu aliyetumia miaka miwili. Chini ya 5 mg nenda polepole zaidi. Hapo ndipo wengi huanguka.

Akipata dalili, simama hapo alipo wiki mbili zaidi. Usimrudishe juu isipokuwa hali ni mbaya kweli. Anayetumia lorazepamu au alprazolamu, hamishia kwenye diazepamu kwanza, kidogo kidogo: 0.5 mg ya alprazolamu hukaribia 10 mg ya diazepamu, na 1 mg ya lorazepamu vivyo hivyo, ingawa kwa wengine chini ya hapo. Watu hushtuka kuona "tembe ndogo" ya alprazolamu ni nzito kiasi hicho.

Dereva wa masafa naye ana swali lake. Anayemeza diazepamu Salgaa usiku ili alale mpaka alfajiri bado anayo damuni akipanda Timboroa asubuhi. Ukimwandikia, andika kwenye faili kwamba umemwambia asishike usukani, na umwandikie mapumziko ya kazi. Huwezi kumwandikia dawa na kumwacha barabarani.

SistaWaZamu, Kakamega

Waambieni pia wagonjwa wazifungie nyumbani. Zinaibwa kwa ajili ya "mchele" kwenye baa, yaani kutiwa kwenye kinywaji cha mtu ili alale aibiwe, na kijana wa nyumbani anaweza kuwa ndiye mteja. Mgonjwa akisema zimepotea mara ya kwanza, msikilize na umpe za siku chache. Ya pili, punguza ziwe za wiki moja moja. Hakuna haja ya kumfokea wala kumwita mwizi mbele ya foleni.

Mgeni_Busia

Samahani kuingilia. Mama alikuwa kwenye mofini, amefariki wiki iliyopita. Chupa imebaki na kama robo. Nimeambiwa nikikutwa nayo ni kesi. Niimwage?

HospisiBondeLaUfa, Nakuru

Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Usiimwage chooni wala usimpe jirani mwenye maumivu, hata akikuomba kwa machozi, kwa sababu dozi ya mama si dozi yake. Irudishe pale ilipotolewa, na cheti au kadi ya mama, ikiwa kwenye chupa yake yenye lebo. Wataipima mbele yako, wataandika ml zilizorudi kwenye daftari, utie sahihi, nao watie sahihi. Omba wakuandikie karatasi kwamba umeirudisha. Ukiwa njiani, cheti kiwe mfukoni pamoja na chupa. Kama kuipeleka ni shida kwa sababu ya matanga, piga simu hospisi au hospitali iliyompa, uulize kama kuna mhudumu anayeweza kupita kuichukua.

Mgeni_Busia

Asante sana, sista. Nitaipeleka Jumatatu.